Nilienda kutafuta baisani Nakuru, nikarudi na paja la mbuzi

Wacha nianze na ile aibu ndio tumalizane nayo. Jumanne moja nimeingia bucha yangu hapa Section 58, watu kama watano wako kwa laini, nami na ile sauti ya mtu ametoka ng'ambo juzi nikauliza kama huwa wanapata nyama inakaribiana na ya baisani. Kijana wa bucha akasimamisha panga hewani. "Baisani ni gani hiyo, mama?" Nikamwambia ni kama nyati hivi, lakini wa Marekani. Laini yote ikanigeukia. "Nyati? Mama, unataka KWS, wale wa wanyamapori, wanibebe mimi na mizani yangu?"

Na alikuwa na haki, maanake uwindaji ulipigwa marufuku Kenya tangu 1977 na kuuza nyama ya porini ni kesi ya kukupeleka ndani, kwa hivyo wale nyati tunaona wamelala kando ya Ziwa Nakuru ni wa kuangalia tu kwa dirisha ya gari. Halafu hata wangekuwa wanauzwa, nyati si baisani. Wazungu walipofika Amerika wakamwita bafalo na jina likamng'ang'ania, lakini yule mnyama ana nundu mabegani na ndevu kama mzee wa kanisa, na kiukoo ako karibu na ng'ombe kuliko huyu nyati wetu, mpaka wakulima wa huko wamewahi kumzalisha na ng'ombe na wakapata watoto.

Sasa hii maneno ya baisani nilitoa wapi. Mwaka jana nilikaa kwa dadangu Minnesota miezi miwili, alikuwa amejifungua na mtu wa kumsaidia hakuna. Shemeji yangu ni mtu wa paleo. Kama hujakutana nayo, ni ile dayati ya kula kama watu walivyokula kabla ya kilimo, yaani hakuna ugali, hakuna chapati, hakuna wali, githeri sahau, ndengu na maharagwe sahau, sukari hapana, maziwa hapana, na hata njugu karanga hapana kwa sababu ati ni jamii ya maharagwe. Unabaki na nyama, samaki, mayai, mboga, matunda, korosho, na viazi vitamu wakikuhurumia. Mtu amezaliwa Molo anaambiwa hakuna chai ya maziwa! Nilikuwa natengeneza yangu saa kumi na moja asubuhi kabla hajaamka.

Alikuwa ananihubiria juu ya watu wa kale kila jioni na mimi nikawa najichekea tu, maanake kutoka Nakuru kwenda Kariandusi ni matatu moja, unashuka karibu na Gilgil unaona zile shoka za mawe za watu wa kale ambazo mwanaakiolojia Louis Leakey alichimba, zingine ni za lile jiwe jeusi linang'aa kama chupa. Hao watu anasoma kwa simu ni majirani zetu.

Turudi kwa nyama. Kule baisani inauzwa supamaketi, imesagwa, kwa pakiti ya ratili moja ambayo ni karibu nusu kilo, na bei iko juu ya ya ng'ombe. Ukiiweka kando ya nyama ya ng'ombe unaona tofauti na macho, ile ya ng'ombe imejaa mistari meupe ya mafuta kwa sababu ng'ombe wengi wa huko wananenepeshwa na mahindi kwa mazizi makubwa kabla ya kuchinjwa, lakini baisani ni nyekundu nzito inakaribia rangi ya biti, mafuta kidogo sana, na sheria yao hairuhusu baisani kupewa homoni za kukuza. Ingawa kuna baisani pia wanamaliziwa na nafaka, lazima usome pakiti, na shemeji hakufurahi nilipomwonyesha kuwa yake haikuwa imeandikwa mahali popote ni ya nyasi. Kingine kilinishangaza, hawa wanyama walikuwa mamilioni na wakawindwa mpaka kufika miaka ya 1880 kwisha walikuwa wamebaki elfu moja hivi tu, wakafugwa tena kwa maranchi, na 2016 wakafanywa mnyama wa taifa wa Marekani. Mnyama wa taifa, na wanamkula! Hebu fikiria sisi tukiweka simba kwa jiko la makaa Krismasi.

Siku ya kwanza dadangu aliniachia ile nyama nipike nikaipika vile napika nyama ya kusaga nyumbani. Moto juu, mafuta, kitunguu, nikaikaanga mpaka ikakauka vizuri na ikashika rangi. Kuonja, ni changarawe. Unatafuna na inarudi vile ilikuwa. Shemeji akaimeza na maji kwa heshima tu, Mungu ambariki. Shida ni kwamba nyama ya ng'ombe yenye mafuta inakusamehe, mafuta yanayeyuka yanailainisha hata ukizidisha moto, lakini nyama kavu haina hiyo akiba, ukiizidishia moto inakamuliwa maji yote na imeisha hivyo. Dadangu akanifundisha moto wa chini kidogo, muda upunguze karibu theluthi moja, na uiongezee unyevu wewe mwenyewe. Alikuwa na kile kipimajoto cha kudunga nyama, ya kusagwa anatoa ikifika nyuzi 71 za Selsiasi, na zaidi ya hapo haiachi hata dakika.

Basi ndio tukarudi kwa hiyo bucha. Baada ya watu kumaliza kucheka, kijana akaangua paja la mbuzi kutoka kwa ndoano akaliweka mbele yangu akasema, "Kama unataka isiyo na mafuta chukua hii ya Baringo, hii imetembea." Imetembea! Miezi miwili ya mahubiri ya shemeji na huyu kijana ameimaliza na neno moja. Mbuzi ametembea kwa miiba huko Baringo akila majani maisha yake yote, hakuna mtu amempigia hesabu ya mahindi, na ng'ombe wa kienyeji wengi ni hivyo hivyo, yaani ile kitu wenzetu wanalipia dola ndio iko kwa ndoano hapa na sisi ndio tunalalamika ni ngumu. (Usichukue tu ng'ombe wa maziwa aliyestaafu. Hiyo ni ngumu kwa sababu zingine.)

Hii ndio nimekuwa nikipika. Nusu kilo ya mnofu wa paja, mwambie aisage, na kama mashine imetoka kusaga ng'ombe mwenye mafuta mwambie aipanguse kwanza. Kitunguu kimoja na karoti moja nakuna kwa grata, usikate, kukuna ndio kunatoa maji. Punje tatu za kitunguu saumu, tangawizi kidogo, kijiko cha chai cha binzari nyembamba, pilipili manga, dhania nyingi, yai moja la kushikanisha kwa sababu mkate hauruhusiwi. Chumvi wenye paleo kali wanaikataa, mimi siwezi. Changanya na vidole tu mpaka vishikane, ukikanda kama chapati inakuwa mpira. Tengeneza vitonge bapa vya unene wa kidole na ubonyeze katikati na kidole gumba, hiyo inazuia kuvimba kama mpira wa tenisi.

Pani iwe na moto wa katikati na mafuta ya nazi kijiko kimoja. Ukiweka, usiguse. Na tafadhali usifinye na mwiko, ile sauti ya chwaa unaifurahia ni maji ya nyama yanakuaga. Mimi naacha kama dakika nne, pembeni panapoanza kubadilika rangi kutoka chini kwenda juu nageuza, dakika zingine nne hivi, halafu napasua kimoja katikati. Pinki ikiwa bado ipo narudisha. Sina kipimajoto, na ya kusagwa lazima iive kabisa, hayo mambo ya nyama nusu mbichi tuwaachie wenyewe. Nafunga na majani ya kabeji niliyotumbukiza kwa maji moto dakika moja, juu kachumbari na avokado, kando nduma.

Ile ya shingo na mguu usijaribu hivi. Hiyo ni ya sufuria yenye mfuniko, maji kidogo, moto mdogo masaa mawili, managu mwishoni. Ukifikiria vizuri tumbukiza, ile nyama yetu ya kuchemsha pamoja na mboga na mahindi, ni paleo, toa tu mahindi, na kwa viazi vya kawaida wenyewe bado wanabishana.

Kwangu nyumbani imepokelewa nusu nusu. Mzee wangu alikula vitonge vinne bila neno kisha akauliza chakula kiko wapi. Watoto walikula kabeji wakaacha nduma. Mimi nimeacha ugali wa usiku, chai ya maziwa sijaacha na siachi, shemeji akisoma hii asinipigie.

Kwa bucha jina langu sasa ni Mama Nyati. Jumamosi nimefika nikakuta mteja mwingine anaelekeza kidole kwa paja langu, kijana akamwambia, "Hiyo hapana, hiyo ni ya Mama Nyati," huyo mteja akanigeukia akaniangalia kutoka viatu mpaka kilemba, na mimi nikalipa haraka nikatoka.