Nilivyoyashika majina ya mifupa

Jaribio langu la kwanza la anatomia, mwaka wa kwanza wa diploma ya utabibu, nilipata 31 kati ya 100. Nilikuwa nimekesha usiku nne nikikariri. Majina ya mifupa minane ya kifundo cha mkono niliyajua kama wimbo, lakini nilipowekewa mifupa yenyewe mezani nikaanza kubahatisha. Skafoidi nikaiita hamati, lunati nikaiita pisifomu. Mkufunzi wetu, mama mtu mzima, hakunifokea. Aliniuliza tu: "Mwanangu, haya majina yana maana. Umewahi kuitafuta?"

Sikuwahi. Jioni ile nikaomba kamusi ya tiba maktaba, nikakaa na boksi la mifupa mbele yangu. Skafoidi inatokana na neno la Kigiriki la chombo cha majini. Nikaishika: kweli, imebonyea kama mtumbwi. Lunati ni mwezi, na upande wake mmoja umeingia ndani kama hilali. Pisifomu ni punje ya njegere. Hamati ina ndoano, unaweza hata kuipapasa kwa kidole. Haikufika saa moja, minne ile migumu ilikuwa imeingia kichwani, na mpaka leo haijatoka.

Nikaendelea usiku kucha, safari hii kwa raha. Wagiriki na Warumi waliipa mifupa majina ya vitu walivyokuwa navyo nyumbani. Klavikula ni ufunguo mdogo. Tibia ni neno lilelile walilotumia kuita filimbi. Fibula ni pini ya kubania vazi, na ukiuona mfupa ule mwembamba ulivyojibana ubavuni mwa tibia huhitaji maelezo. Asetabulamu, lile shimo la nyonga linalopokea kichwa cha mfupa wa paja, ni kikombe cha siki. Koksiksi ni mdomo wa ndege kekeo.

Hapo ndipo nilipokumbuka kwamba wazee wetu nao walifanya hivyohivyo. Patela kwa Kilatini ni kisahani, sisi tunaiita pia ya goti. Mimi nasema walioiita "pia" waliona vizuri zaidi, maana mfupa ule ni mpana juu na umechongoka chini, sawasawa na pia anayoichezea mtoto. Skapula ni kombe la bega. Klavikula ni mtulinga. Tibia ni muundi, koksiksi ni kifandugu. Na ile mifupa mitatu ya sikio la kati tunaiita nyundo, fuawe na kikuku, na majina yake ya Kilatini yana maana hizohizo. Nikapiga mistari daftari langu liwe na safu tatu: jina la kitabuni, maana yake, na jina la kwetu. Iliniuma kuona safu ya tatu hakuna aliyetufundisha darasani, wakati wagonjwa wote tutakaowahudumia wanaishi ndani ya safu hiyo.

Mifupa ya sesamoidi ndiyo ninayoipenda kuliko yote. Ni vifupa vinavyokaa ndani ya kano, na jina lake linatokana na ufuta. Mimi nimekulia Nachingwea, kwa bibi anayelima ufuta, nimeupeta na kuuanika tangu nikiwa mdogo. Na kumbe pia ya goti ndiyo sesamoidi kubwa kuliko zote mwilini. Nilipomwambia bibi kwa simu kwamba ana ufuta ndani ya magoti alicheka sana, kisha akaniuliza kama ndio unaomuuma asubuhi.

Hesabu za pingili za mgongo zilinisumbua zaidi. Vitabu vya Kiingereza vinamwambia mwanafunzi akumbuke saa za kula: saa 7 asubuhi, saa 12 mchana, saa 5 jioni. Kwetu saa 7 ni mchana na saa 12 jua linazama, kwa hiyo njia hiyo ilinichanganya tu. Nikatafuta ya kwangu: siku 7 za wiki kwa pingili za shingo, miezi 12 ya mwaka kwa pingili za kifua zinazobeba jozi 12 za mbavu, na swala 5 za siku kwa pingili za kiuno. Chini yake kuna tano zilizoungana kuwa sakramu, halafu kifandugu. Jumla kwa mtu mzima mifupa 26. Mtihani wa mwisho nilipata 78.

Lakini daftari lile lilikuja kunifaa kweli mwaka wa pili, wodini, katika hospitali moja ya wilaya. Aliletwa bibi aliyeteleza bafuni. Mguu wake wa kulia ulikuwa umefupika, unyayo umegeukia nje. Picha ilipotoka, nikamgeukia binti yake nikamweleza kama nilivyosoma: "Mama, bibi amevunjika shingo ya femuri." Yule mama alisikia neno moja tu, shingo. Alipiga ukunga, akakaa chini sakafuni, ndugu zake wakaingia mbio wakidhani msiba umetokea.

Nilichuchumaa pale chini karibu naye, moyo ukinidunda. Nikaweka mkono kwenye nyonga yangu. "Samahani sana, mama. Shingo yake nzima kabisa. Ni hapa. Mfupa wa paja juu una kichwa cha mviringo kinachoingia kwenye nyonga, na chini ya kichwa kuna sehemu nyembamba. Hiyo nyembamba ndiyo iliyovunjika. Watahitaji kumpasua wamtengeneze."

Akafuta machozi. Bibi, aliyekuwa akitusikiliza muda wote kutoka kitandani, akasema kwa sauti ndogo: "Si nimewaambia tangu nyumbani kwamba ni nyonga?"

Usiku ule nilifungua daftari. Mbele ya jina "shingo ya femuri", safu ya tatu ilikuwa tupu. Nikaandika: *mfupa wa paja umevunjika juu, karibu na nyonga*. Pembeni nikaongeza kwa wino mwekundu: *usitaje shingo*.