Bia ya Tallinn, kodi ya Helsinki

Chukua chupa moja ya vodka, mililita 700, asilimia 40. Ndani yake mna lita 0.28 za alkoholi tupu, na hiyo 0.28 ndiyo mtoza ushuru anayoiangalia. Chapa na lebo havimhusu. Kwa viwango vya 2021, Ufini ilitoza euro 50.35 kwa lita ya alkoholi tupu, Estonia 18.81. Zidisha: euro 14.10 ukinunua Helsinki, euro 5.27 ukinunua Tallinn. VAT nayo hutozwa juu ya bei ambayo ushuru umeshaingia, kwa hiyo kodi inazaa kodi. Kwa VAT ya mwaka huo, asilimia 24 Ufini na 20 Estonia, ushuru unakuwa 17.48 kwa 6.32. Tofauti ni euro 11.16 kwa chupa, kabla mwenye duka hajaweka faida yake. Kati ya miji hiyo miwili kuna bahari ya kilomita 80 na meli ya saa mbili na kitu.

Waswahili wanaoishi Helsinki wanaijua safari hiyo vizuri, lakini wengi hubeba kitu kisicho na faida. Bia ndiyo inayoonekana bandarini, katoni juu ya katoni kwenye vitoroli, ila kwa uzito wake inalipa kidogo sana. Kopo la mililita 330 la asilimia 5 lilikuwa na ushuru wa karibu senti 63 Ufini na senti 21 Estonia. Ukiweka na VAT, katoni ya makopo 24 inakuokolea kodi ya euro 12 na kitu na ina uzito wa zaidi ya kilo 8. Chupa moja ya pombe kali inaokoa karibu hiyohiyo na unaishika kwa mkono mmoja. Asiye na gari, mwenye begi la magurudumu tu, akitoka na bia amejibebesha maji.

Mwenye gari naye apige hesabu ya uzito. Katoni 13, ambazo tutaona ndizo mwisho wa mtu mmoja, ni zaidi ya kilo 100. Wakiwa wanne na kila mmoja amechukua zake, gari dogo limeshapita uzito lililoruhusiwa kubeba, na hilo ni kosa la barabarani hata kama forodha hawana neno nawe.

Sasa viwango vya mzigo, yaani unaweza kubeba kiasi gani. Ndani ya Umoja wa Ulaya, bidhaa uliyoinunua dukani ukailipia ushuru hukohuko, ukaisafirisha mwenyewe kwa matumizi yako, hailipiwi tena nyumbani. Kanuni hiyo imo katika maelekezo ya ushuru ya Umoja, yaliyoandikwa upya kwa namba 2020/262 na kuanza kutumika Februari 2023. Viwango vya mwongozo ni lita 110 za bia, lita 90 za mvinyo (zisizidi 60 za ule wa mapovu), lita 20 za vinywaji vya kati kama sheri na porto (mvinyo ulioongezewa pombe kali), na lita 10 za pombe kali. Sigara ni 800, sigara nyembamba za majani 400, siga (cigar) 200, na kilo moja ya tumbaku ya kusokota.

Hesabu hizo hazigawanyiki vizuri dukani. Katoni ya makopo 24 ni lita 7.92. Katoni 13 zinakupa lita 102.96; ya 14 inakufikisha 110.88, umeshazidi. Pombe kali ni chupa 14 za mililita 700, yaani lita 9.8. Mvinyo ni chupa 120 za mililita 750. Sigara 800 ni pakiti 40.

Viwango hivyo si ukuta. Ukizidisha, mzigo wa kueleza unakuangukia wewe: harusi ya nani, lini, watu wangapi. Na ukiwa chini yake bado unaweza kusimamishwa. Forodha huangalia kama wewe ni mfanyabiashara, mzigo umefichwa wapi, umepakiwa vipi, risiti zinasema nini, na ni mara ngapi umepita wiki hiyo. Kinachowaponza watu wengi ni ule wema wa kumletea jirani. Zawadi inaruhusiwa. Lakini jirani akikutumia hela kwenye simu kabla hujaondoka, au akakurudishia gharama ukifika, mzigo huo umekuwa wa biashara hata kama hukupata faida ya senti moja, na ushuru wa Ufini unadaiwa.

Mahakama ya Umoja wa Ulaya imeshalikata jambo hili mara mbili. Aprili 1998, katika shauri la EMU Tabac, sigara zilinunuliwa Luxembourg kupitia wakala kwa niaba ya wavutaji walioketi kwao Uingereza. Mahakama ikasema ushuru unalipwa Uingereza, kwa sababu mnunuzi mwenyewe hakuvuka mpaka. Novemba 2006 ikawa zamu ya Mholanzi aliyekuwa akiagiza mvinyo Ufaransa kwa ajili yake na marafiki wapatao 70, akatumia kampuni ya usafirishaji. Hapakuwa na faida wala ulanguzi, na bado Uholanzi ikapewa haki ya ushuru wake. Anayenunua ndiye anayebeba. Neno “mwenyewe” katika kanuni hiyo lina uzito kuliko hizo lita zote.

Mitego mingine ni midogo ila inauma. Kwa sigara, Ufini ina kipengele chake: pakiti ambazo maonyo yake hayakuandikwa kwa Kifini na Kiswidi, mwisho ni sigara 200, siyo 800. Pakiti ya Tallinn kwa kawaida ina Kiestonia, basi ile hesabu ya pakiti 40 inaporomoka hadi 10. Umri pia: pombe ya zaidi ya asilimia 22 ni kwa aliyetimiza miaka 20, nyepesi miaka 18. Halafu amana ya makopo, ile hela unayorudishiwa ukirudisha kopo tupu. Kopo lenye alama ya Estonia, mashine ya Helsinki italipokea lakini haitakurudishia senti.

Mtego mkubwa zaidi uko kwenye meli ya Stockholm. Duka lisilo na ushuru baina ya nchi za Umoja lilikufa katikati ya 1999, lakini meli za Ufini na Uswidi hutia nanga kwenye visiwa vya Åland, usiku wa manane pengine, kwa dakika chache tu. Åland ni sehemu ya Ufini iliyobaki nje ya eneo la kodi la Umoja, na kugusa gati yake kunahalalisha duka la melini. Bei nzuri, lakini viwango vyake ni vya mtu anayetoka nje ya Umoja: lita 1 ya pombe kali, lita 4 za mvinyo, lita 16 za bia, sigara 200. Anayetoka melini na chupa sita akidhani yuko kwenye hesabu ya Tallinn amejitafutia bili.

Uingereza yenyewe, ukiacha Ireland ya Kaskazini, imetoka kwenye mpango huu tangu 1 Januari 2021: lita 42 za bia, 18 za mvinyo, 4 za pombe kali, sigara 200, na ukizidisha unalipia shehena yote ya aina hiyo, siyo ile ziada tu. Afrika Mashariki ni finyu zaidi. Sheria ya forodha ya Jumuiya ya 2004 inamsamehe msafiri lita 1 ya pombe kali au lita 2 za mvinyo, na tumbaku ya gramu 250 kwa jumla. Umoja wa forodha wa Afrika Mashariki haukuunganisha ushuru wa bidhaa. Kila serikali inapanga wake, na ndiyo maana magendo ya sigara mipakani hayaishi.

Tukirudi Baltiki, bahari ile ya kati ya Helsinki na Tallinn, kwa maoni yangu funzo la kodi liko pale kuliko popote. Ufini ilipoingia Umoja mwaka 1995 iliruhusiwa kuweka mipaka mikali ya mizigo ya wasafiri hadi mwisho wa 2003. Estonia ilikuwa inajiunga 1 Mei 2004. Helsinki ikaona heri kujikata yenyewe: 1 Machi 2004 ushuru ukashushwa kwa wastani wa asilimia 33, pombe kali kwa 44, bia kwa 32, mvinyo kwa 10. Mapato ya ushuru yakaanguka, watu wakanywa zaidi, na safari za Tallinn hazikukoma, kwa kuwa huko bado kulikuwa rahisi. Kufikia 2005 pombe ilikuwa sababu ya kwanza ya vifo kwa wanaume wa umri wa kufanya kazi. Kuanzia 2008 serikali ikaupandisha tena ushuru, hatua kwa hatua.

Kisha Estonia ikajaribu kinyume chake. Julai 2017 ushuru wa bia ulipanda kwa asilimia 70 kwa mkupuo, kutoka euro 9.13 hadi 15.52 kwa kila asilimia ya kileo katika hektolita (lita 100), na Februari 2018 ukafika 16.92. Latvia ilikuwa chini ya nusu ya hapo. Valga na Valka ni mji mmoja uliokatwa na mpaka. Mtu anavuka barabara tu. Wenye maduka wa Kiestonia wakaenda kufungua Valka na Ainaži upande wa Latvia, Waestonia wakawafuata, na Wafini wakaanza kupita Tallinn bila kusimama. Hazina ya Estonia ikapata pungufu ya ilivyokisia. 1 Julai 2019 ikakata asilimia 25 ya ushuru wa bia na pombe kali. Latvia haikungoja: 1 Agosti, mwezi mmoja tu baadaye, ikashusha ushuru wa pombe kali kwa asilimia 15.

Kiwango cha chini cha Umoja kingeweza kuzuia mashindano hayo, ila kimelala tangu 1992: euro 550 kwa hektolita ya alkoholi tupu, yaani euro 1.54 kwa ile chupa yetu ya vodka. Kwa mvinyo ni sifuri.

Na ukisoma takwimu za unywaji kwa kila kichwa, angalia kwanza kama zimechujwa. Luxembourg na Estonia huonekana nchi za walevi kwa sababu lita inahesabiwa ilikouzwa. Estonia huondoa makadirio ya walichobeba watalii kabla ya kutoa namba zake; Ufini nayo huwahoji wasafiri wake walirudi na nini, ikaongeza kwenye za kwake.