Jinsi nilivyoongoza kwaya kwa mkono wa kushoto

Mwalimu wetu wa kwaya alipofariki, tulikubaliana kumfanyia tamasha la kumbukumbu hapa hapa Kirumba, Mwanza, kando ya Ziwa Victoria, na ghafla kila mtu akawa mshauri. Wapo waliotaka tuimbe kwa kufuatisha muziki wa kompyuta, jambo ambalo marehemu asingelivumilia hata dakika moja. Ushauri ulioonekana wa busara kuliko yote ndio uliotupotezea majuma matatu: tumwazime mwalimu wa kwaya nyingine.

Alizijua nota, sikatai. Lakini kila tulipofika kwenye “Haleluya” ya Handel, sauti ya tatu walichelewa kuingia, na soprano wakamkodolea macho kama abiria waliopitishwa kituo. Mimi, mwimba besi wa mstari wa nyuma, niliitazama mikono yake mpaka nikang’amua kwamba marehemu alikuwa mwenye shoto. Miaka yote, alipohesabu mapigo ya wimbo kwa mkono, pigo lake la pili lilielekea mlangoni. Mgeni alilipeleka dirishani.

Nikajitolea, mimi ambaye sijapata kuongoza hata sala ya chakula. Nyumbani niliufunga mkono wa kulia kwa kanga ya mke wangu, nikasimama mbele ya kioo cha kabati na kupiga chini, ndani, nje, juu, usiku baada ya usiku, hadi watoto wakachoka kucheka. Mjane alituazima daftari la solfa (nota za do-re-mi) la marehemu, lenye alama za penseli kila mahali pa kuvuta pumzi na, juu ya mstari wetu, maneno “Besi, acheni mbio!” Tulilitoa nakala kwa wote. Nakala, nauli na soda vilifika kama laki mbili na ushei, risiti sikutunza.

Anayeandaa tamasha la jioni karibu na ziwa aweke taa kali nje, mbali na mlango, la sivyo wadudu wa ziwani watajaa ukumbini na soprano wataimba wamefumba midomo.

Siku yenyewe tulifika salama hadi kile kimya kinachotangulia “Haleluya” ya mwisho. Mkono wangu wa kushoto ukiwa hewani, mwenzangu wa besi, aliyewahi kukosea hapo hapo enzi za marehemu, akaingia peke yake. Nilimtolea jicho la Mwalimu, na kwaya nzima ikaimalizia “Haleluya” ikicheka huku inalia.