Shangazi, nije Mombasa?

Saa saba usiku. Stima zimepotea tangu saa nne na feni imening'inia juu ya kichwa changu kama popo, haina kazi. Mwajua joto la Machi la huku, lile ambalo hata ukuta ukiushika wachoma, kaskazi ishachoka na kusi bado haijafika, hewa imeganda tu. Majirani nawasikia washatandika mikeka nje, kuna mtoto analia, kuna mzee anasikiza redio kwa simu na hataki kupunguza sauti. Mimi nimekaa mlangoni, chaji asilimia 31, na badala ya kuihifadhi naandika hapa manake kuna voisi imenikaa moyoni leo siku ya tatu.

Ni mtoto wa kakangu, yuko kwetu Kwale, Lunga Lunga, alimaliza fomu foo mwaka juzi. Voisi yenyewe haifiki hata nusu dakika. "Shangazi shikamoo. Shangazi nilikuwa nauliza tu, nije Mombasa?" Alafu anacheka kidogo kwa haya na nyuma yake nasikia kuku. Basi, imekwisha. Siku tatu naifungua, naisikiza, naifunga. Tiki za buluu ashaziona, saa hizi anasema shangazi siku hizi anaringa.

Kumtaka namtaka. Ila sijui nimwambie Mombasa ipi, manake anayoijua yeye ni ile ya kwenye status za watu, madafu na ngamia wa ufuoni na mtu amesimama chini ya zile pembe za Moi Avenue amenyanyua vidole viwili.

Hiyo Mombasa ipo, sisemi haipo, mimi ndiyo inayonilisha. Nauza leso, zile kanga zenye maneno, pale Biashara Street, mwaka wa nane sasa. Disemba ikifika duka halina pa kukanyaga, wageni kutoka bara washashuka na treni ya SGR kule Miritini, wamevaa kaptura na kofia za makuti, wanaingia wanauliza hii maana yake nini, na hii, na hii. Kazi naipenda wallahi. Leso si kitambaa tu, leso inasema, na ukimuuzia mtu asiyejua inasema nini umemtafutia balaa. Kuna kijana alikuja Disemba iliyopita, mtanashati, kachagua rangi nzuri ya zambarau, akaniambia fungia hii namchukulia mama mkwe. Naangalia jina, yale maneno yaliyoandikwa kwenye leso, naona HASIDI HANA SABABU. Nikamnyang'anya! Nikamwambia kaka, hii ukiipeleka ndoa yako haifiki Pasaka, ngoja nikutafutie nyengine. Tukacheka mpaka fundi wa cherehani aliyeko kibarazani akasimamisha mashine kuuliza kuna nini.

Huyo kijana ndiye wakati wa kulipa aliniangalia akaniambia, "Wewe una raha, unaishi ndani ya likizo."

Nikatabasamu. Mteja ni mteja. Lakini siku hiyo nilikuwa nimeamka saa kumi kusubiri maji na hayakuja.

Sasa hii likizo ninayoishi ndani yake hebu niielezee. Zamani nilikuwa Bamburi, chumba na sebule, choo ndani, elfu kumi na mbili kwa mwezi, na kutoka mlangoni kwangu mpaka baharini ni dakika kumi kwa miguu. Jumapili nilikuwa natoka na leso yangu kiunoni naenda nachovya miguu narudi. Mwenye nyumba mzee mzuri, mtu wa salamu na dua. 2022 wanawe wakamwambia baba hizi nyumba zakupotea hivi hivi, watu wanalala siku mbili tatu na wanalipa kwa usiku. Nikapewa miezi miwili. Baadaye jirani yangu wa zamani akanitumia picha, rangi nyeupe pe, kiyoyozi, ukutani wametundika picha ya jahazi, na sebule niliyokuwa napigia pasi kuna kiti cha kubembea. Elfu nne kwa usiku. Yaani usiku tatu tu, kodi yangu ya mwezi imerudi. Duka letu tunayo leso ya MGENI NJOO MWENYEJI APONE na kila nikiikunjua namkumbuka yule mzee, maskini, mwenyeji aliyepona ndiye yeye. Simlaumu sana. Ningekuwa na nyumba Bamburi labda na mimi ningenunua kiti cha kubembea.

Ndio nikaja Likoni, ng'ambo ya kisiwa upande wa kusini. Kodi nafuu, majirani watu wazuri, ukifiwa nyumba inajaa kabla hujamaliza kupiga simu. Usiku kuna vichochoro hatupiti, na kuna vijana niliowaona wadogo wanacheza mpira hapa, leo unga wa kulevya umewala mpaka ukimsalimia anachukua muda kukumbuka wewe nani. Hilo sitaki kuliandika sana, mama zao nawajua.

Lakini Likoni ni ferry. Ukikaa Likoni na kazi yako iko kisiwani basi bahari kwako ni foleni. Hesabu inayotajwa ni zaidi ya watu laki tatu kwa siku, na mimi nasema njooni saa kumi na mbili unusu asubuhi muone kama hawafiki. Mnateremka ule mteremko bega kwa bega, mbele yako mkokoteni wa nyanya, kulia mtu na kuku watano wamefungwa miguu wananing'inia wanakuangalia kichwa chini, kushoto wanafunzi, nyuma kuna mtu anakupumulia shingoni na ana haraka kukushinda, na pikipiki inapiga honi kana kwamba kuna pa kupisha. Mwendo wa miguu ni bure, hilo niliseme. Kuvuka kwenyewe ni dakika chache, hata chai haijapoa. Kazi iko kwenye kusubiri. Alafu siku ambayo ushachelewa ndiyo siku ambayo meli inaingia bandarini Kilindini, na meli ikipita ferry zasimama, meli ndiyo yenye njia. Basi mnasimama maelfu ya watu mnaangalia makontena yakipita mbele yenu pole pole, mekundu, ya buluu, ya kijani, yamepangwa kama ghorofa, na huko juu kuna mtu mdogo kama njugu ameegemea chuma na yeye anawaangalia nyinyi. Bosi anapiga simu, unamwambia meli. Akiwa mtu wa Mombasa haulizi tena.

Mamangu akija kunitembelea hushika tasbihi tangu mguu wa kwanza ukanyage chuma cha ferry mpaka mguu wa mwisho utoke. Yeye anaikumbuka ile ferry ya Mtongwe iliyozama 1994, watu 272 walikwenda asubuhi moja. Mimi nilikuwa mtoto sikumbuki kitu, lakini nikiwa katikati ya maji na ferry imejaa najikuta na mimi midomo inacheza. SOTE ABIRIA DEREVA MUNGU, hiyo pia tunayo, na hununuliwa sana na watu wa Likoni, sijui kwa nini ati.

Na 2024 barabara ya Dongo Kundu ilifunguliwa, nimeipita mara moja na gari la harusi, ni nzuri jamani, lile daraja refu na mikoko chini. Wenye magari wa kusini wamepata pa kuzungukia. Sisi wa miguu bado tuko na kuku.

Maji nayo. Kwenye ploti yetu kuna kisima, maji ya chumvi, unaoga unatoka umeganda kama samaki wa kupaka, sabuni unaisugua mpaka mkono uchoke haitoi povu. Ya mfereji yakija yanakuja usiku na hayasemi siku gani. Kwa hivyo maji tamu tunanunua kwa mkokoteni, mtungi wa lita ishirini shilingi ishirini, yakiadimika hamsini, na yule kijana wa mkokoteni anajua siku ya kuadimika kabla yetu sote. Kinachonichekesha ni kwamba maji ya Mombasa hayatoki Mombasa. Yanatoka chemchemi za Mzima kule Tsavo, na Baricho, na mengine yanatoka Marere na Tiwi, ambako ni Kwale, kwetu! Yaani mimi nilitoka Kwale nikaja mjini kutafuta maisha, na maji ya kwetu nayo yakatoka yakaja mjini, na tukifika huku tunapotezana.

Sasa ukisoma mpaka hapa utasema mwambie mtoto asije. Ngoja.

Leso ina sehemu zake, wengi hawajui. Kuna pindo, ile mipaka ya kuzunguka pande zote, kuna mji, pale katikati palipo na ua au embe au chochote, alafu jina. Ndio, panaitwa mji. Mteja huangalia mji, akinunua ananunua kwa sababu ya mji. Lakini bibi yangu mmoja mzoefu wa leso alikuwa akiingia dukani anashika pindo kwanza, anasema mji kila mtu ataweka mzuri, wewe niangalizie pindo kama limelala sawa. Mimi ni mtu wa pindo. Likoni, Kisauni, Changamwe, Mishomoroni, sisi wote watu wa pindo. Sensa ya 2019 ilitupata watu 1,208,333 kaunti nzima na walio katikati ya ua ni wachache sana.

Na bado huku pindoni ndiko nilikopatia maisha. Nilikuja nikiwa na miaka 23, ndoa imenishinda, mkoba mmoja na nauli ya kukopa. Kwetu kila nilipopita watu walikuwa wananyamaza alafu nikishapita wanaanza. Hapa nilikaa miezi sita hakuna aliyeniuliza nilikuwa mke wa nani. Hujui utamu wake mpaka uwe umewahi kuwa stori ya kijiji. Nikaosha vyombo hotelini Mwembe Tayari, nikauza mabuyu, nikapata duka. Mamangu alipougua tulimleta hapa hapa kisiwani, daktari wa mambo yale alikuwepo, kwetu tungekuwa tunauliza nani ana gari. Na karo ya huyu huyu mtoto anayeniuliza aje au asije, fomu wani mpaka foo, ilitoka kwenye hizi leso. Sasa kwa mdomo gani nimwambie kaa huko?

Alafu kuna jioni. Fort Jesus nimeingia mara moja tu maishani, safari ya shule, mwalimu akatwambia Wareno walianza kuijenga 1593 na mimi nilikuwa nawaza sambusa. Hoteli za ufuoni sijawahi kulala hata moja. Lakini siku ya mshahara nikifunga duka huwa siendi ferry moja kwa moja, nakata kwenda Mama Ngina, ile bustani ya kando ya bahari. Nakaa pale ukingoni chini ya mibuyu, nanunua mihogo, yule mama anaipasua katikati anaijaza chumvi na pilipili na ndimu, anakufungia gazeti, ya moto inakuunguza vidole na huwezi kuiweka chini. Upepo unapiga mpaka buibui inapepea kama tanga. Watoto wanakimbia, kuna wazee wanabishana mpira, kuna wachumba wamekaa mbali mbali kidogo wakidhani hatujui. Na meli inapita, karibu mpaka unahisi ukiita watasikia. Pengine ndiyo ile ile iliyonichelewesha asubuhi, inatoka sasa, imeshashusha mizigo, nyepesi. Naiangalia na muhogo mdomoni mpaka inapotelea nje kabisa. Nikimaliza nalamba pilipili vidoleni nateremka kwenda kupanga foleni.

Hiyo sijui kuiweka kwenye voisi.

...

Stima zimerudi, saa nane na nusu. Ploti nzima imepiga kelele kama vile kumefungwa goli. Feni inazunguka, wale wa nje wanakunja mikeka.

Nimemjibu. Nimeirekodi mara nne, tatu nimefuta. Nimemwambia njoo, lakini usije sasa, njoo mwezi wa sita kusi ikishavuma usije ukalaani mji kwa sababu ya joto. Uje na ndoo yako yenye mfuniko. Kwenye matatu ukifika Likoni usimwambie makanga hujui uendako, sema unajua, alafu nipigie. Na kazi usidhani ipo imekungoja, utaanza kwa kukaa nami dukani unakunja leso bila mshahara mpaka nione.

Nilidhani amelala. Haijapita hata dakika, tiki za buluu, anaandika, anaacha, anaandika.

"Marahaba shangazi 😂 sory nimekosea, ASANTE shangazi. Kumbe hata huko mjini watu hawalali?"