Siku Moja Maishani Mwangu: Napima Mawe Arusha, Bei Usiniulize

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi niko ndani ya kifodi kutoka Kwa Mrombo, nimebanwa dirishani, mkoba mapajani. Mjini hapa ukisema unafanya kazi ya madini, watu wanadhani umejenga Njiro, mtaa wa wenye nazo. Mimi ni mpimaji. Mawe ya mamilioni hupita mikononi mwangu yakarudi kwa wenyewe, nami nikarudi kwenye kifodi.

Saa mbili nafungua ofisi, nafuta kioo cha refraktomita, chombo kinachopima jinsi jiwe linavyopinda mwanga, naweka mizani sawa.

Saa tatu hadi karibu saa sita: tanzanaiti, tanzanaiti, tanzanaiti. Kipimo 1.69 hadi 1.70, andika, gonga muhuri, anayefuata. Moja haikuwa jiwe, ilikuwa kipande cha kioo tu. Mwenyewe aliikunja kwenye karatasi yake akaondoka bila kuaga.

Saa sita kasoro akaingia mzee mmoja, dalali wa siku nyingi.

“Shikamoo mzee.”

“Marahaba binti. Leo nimekuletea kitu hujawahi kukiona.”

Akafunua karatasi. Jiwe la njano lenye ukijani kidogo, ukubwa wa harage. “Wekifildaiti,” akasema taratibu, kama aliyelikariri neno njia nzima. Mpwa wake alikuwa ameisoma mtandaoni: vanadati (kiwanja chenye metali ya vanadi) ya ardhi adimu, lile kundi la metali kama itriamu, seriamu na neodimiamu, rangi ya njano, ugumu takriban 5. Mzee amelikwaruza kwa kisu, limekwaruzika. Sasa anataka bei.

Nikamwambia madini hayo yapo kweli. Kwao ni mgodi wa Evans-Lou, jirani na Wakefield, Quebec, Kanada, na yalielezwa mwaka 1971. Yale ya kwanza yana itriamu. Ndugu yake mwenye seriamu alipatikana Kusu, Kongo ya hapo jirani. Baadaye wa lanthanamu akatoka Ujerumani na wa neodimiamu Japani. Lakini huwa ni unga juu ya mwamba, au vipunje vya kutazama kwa hadubini. La ukubwa wa harage, mzee wangu, sijapata kusikia.

“Ndiyo maana ni adimu,” akanijibu.

Nikapima. Hewani, kisha ndani ya maji: msongamano 3.2. Vanadati safi ya itriamu, yaani hiyo wekifildaiti, inakaribia 4.2. Refraktomita ikasoma 1.63 na ushee, wakati wekifildaiti isingesomeka kabisa, maana chombo changu kinaishia 1.81 na yenyewe iko juu ya hapo. Hii ni apataiti, madini ya fosfati yenye kalisi. Ugumu wake nao ni 5, kwa hiyo kisu cha mzee hakikukosea, ila kisu hakijui kutofautisha majina.

Kupima kulichukua dakika kumi. Kumwambia ndiko kulikokula mchana wangu. Alitaka nirudie, nikarudia. Akataka apime mwenyewe, nikamwachia, naye akasoma namba ile ile. Umeme ukakatika, akasema mashine zangu zilikuwa zinaelekea kufa tangu asubuhi. Makande yangu yakapoa kwenye kontena huku watu wa kwenye benchi wakinitazama kana kwamba ndiye mimi niliyemwita.

Nikachukua tochi na spektroskopu, kifaa kinachotawanya mwanga uliopita kwenye jiwe katika rangi zake. Kwenye eneo la njano ikaonekana mistari myembamba myeusi, alama ya neodimiamu na praseodimiamu. Apataiti huwa inazibeba kidogo ndani yake, mahali pa kalisi. Nikamweleza hivyo hivyo, kwa kuwa ndivyo ilivyo.

Mzee akasimama. “Si nilikwambia!”

Hapo saa zikapotea. Nilieleza kwamba kubeba chembe za ardhi adimu hakulifanyi jiwe kuwa vanadati. Nilieleza kwamba vanadati ya itriamu inatengenezwa kiwandani. Iliyotiwa europiamu ndiyo iliyotoa rangi nyekundu kwenye televisheni za rangi za miaka ya 1960, na yenye neodimiamu iko ndani ya baadhi ya zile tochi za leza za kijani. Na kwamba vanadi anayoitafuta anaishika kila siku: bluu ya tanzanaiti inatokana nayo, na kijani cha tsavoraiti kwa kiasi kikubwa pia.

“Kwa hiyo nauza vanadi tangu ujana?”

“Tangu ujana, mzee.”

Akacheka, mara ya kwanza. “Basi andika lina vanadi.”

“Hiyo sijaipima kwenye hili.”

Umeme uliporudi macho yalikuwa yananichoma, na sikumbuki foleni iliishaje. Nilichapa cheti: apataiti ya asili, njano-kijani, mistari ya ufyonzaji kwenye eneo la njano. Akaomba niongeze “adimu”. Nikakataa. Akaomba bei. Nikamwambia bei atauliza kwa wanunuzi, mimi nasema jiwe ni nini tu. Akalipa, akakikunja cheti vizuri, akashuka ngazi akiwa tayari na simu sikioni:

“Eeh, mjomba! Maabara wamethibitisha, ardhi adimu imo!”