Nilivyobadilisha diski za breki za mbele za RAV4 nyumbani, Dodoma

Kama stelingi inatetemeka pale tu unapokanyaga breki ukiwa kwenye spidi, afu ukiachia pedeli inatulia kabisa, usikimbilie kufanya balansi ya matairi. Mara nyingi hiyo ni diski za mbele. Naona watu wengi hapa Dodoma wanamaliza hela kwenye matairi na balansi wakati tatizo limekaa nyuma ya rimu linawasubiri.

Gari yangu ni Toyota RAV4, lile umbo la tatu lililoanza kutoka mwishoni mwa 2005, ndo gari ya familia, inapeleka watoto shule, inaenda shamba, na sikukuu ndo inatufikisha Iringa kwa wakwe. Sasa ile njia ya Iringa kuja Dodoma kwa Mtera wanaoijua wanaijua, ukishatoka Iringa unakutana na mlima Nyang'oro, kona juu ya kona, unashuka mpaka joto la bonde linakuingia dirishani. Pale ndo nilianza kuhisi stelingi inacheza mkononi, kwanza kidogo, baadae mpaka mke wangu pembeni akauliza, "Baba Neema, hii gari ina nini?" Tulipofika chini nikasimama pembeni, magurudumu ya mbele yanatoa joto na ile harufu kali ya pedi zilizoungua. Tukakaa mpaka vikapoa ndo tukaendelea.

Nyumbani nikamwelezea mzee jirani yangu, amestaafu udereva wa malori, ameendesha njia za huku kati maisha yake yote. Nikamsalimia, shikamoo mzee, marahaba, akasikiliza mpaka mwisho afu akasema, "Mwanangu, ule mlima haushukwi kwa breki, unashukwa kwa gia. Ila hizo diski zako zishakufa, usijidanganye." Hilo la gia nalisisitiza hata kwa wenye otomatiki, ukiwa unateremka Nyang'oro au Kitonga toa kwenye D shuka gia ya chini, injini ishike gari, breki uigonge kwa vipindi na uiachie ipumue. Ukiiegemea mguu mfululizo mteremko mzima joto linapanda hata diski mpya utaiua.

Gereji niliyopita ushauri ulikuwa tuzichonge kwenye mashine uso uwe sawa, bei rahisi. Tatizo zilishawahi kuchongwa, zikatulia kwa muda mfupi, mtetemo ukarudi. Safari hii nikaazima venia, kile kifaa cha kupimia unene, kwa fundi wa kuchonga vyuma nikapima mwenyewe. Kwenye diski yenyewe kuna maandishi yamegongwa, MIN TH na namba ya milimita, huo ndo unene wa mwisho, ikishuka chini ya hapo haichongwi tena inatupwa. Ukipima usipime pale ukingoni maana ukingo hauliki, unabaki umesimama, ingiza venia mpaka sehemu inayosuguliwa na pedi. Zangu zilikuwa zimeshapita kiwango. Diski nyembamba haina nyama ya kubeba joto, inapata moto haraka na inaweza kupasuka, na pistoni ya kalipa, kile kibanio kinachokandamiza pedi kwenye diski, inalazimika kutoka nje zaidi ya inavyotakiwa. Hapo mjadala wa kuchonga ukaisha.

Nikaamua nibadilishe mwenyewe nyumbani, na sababu sio hela tu. Nilitaka kuona kwa macho yangu diski inakaa juu ya nini. Watu tunasema diski imepinda, lakini kiukweli mara nyingi haijapinda kama sahani, ni kwamba haikai sawa. Ule uso wa habu, yaani kitovu cha gurudumu, ambapo diski inalala ukiwa na kutu, hata gamba dogo tu, diski inakaa imeegemea upande, inazunguka ikiyumba kidogo sana, na kiwango ambacho magari mengi yanaruhusu ni kama 0.05 mm tu, unywele wa kichwa mara nyingi ni mnene kuliko hapo. Ukiendesha hivyo pedi inalamba sehemu moja ya diski zaidi ya nyingine, baada ya kilomita elfu kadhaa unene unakuwa hauko sawa, na hapo ndo stelingi inaanza kucheza. Kwahiyo unaweza kununua diski mpya kabisa, ukazipachika juu ya kutu, zikakaa vizuri kwa muda afu tatizo likarudi vilevile ukamlaumu mwenye duka.

Kwenye kununua, nenda na chassis namba, usiende na maneno "nataka diski za RAV4". Umbo hilo lilitoka na diski za mbele za saizi tofauti kutegemea injini na soko, nje ukiziangalia gari zinafanana. Mjini hapa sikupata jozi niliyoiamini, nikaagiza Dar, ikaja na basi nikaichukulia stendi ya Nane Nane. Diski zinabadilishwa mbili mbili, kulia na kushoto, na pedi mpya, usirudishe pedi za zamani kwenye diski mpya maana pedi ishachukua umbo la mabonde ya diski iliyokufa. Mzigo ukifika ilaze diski mpya juu ya ya zamani, linganisha upana, kina cha kofia (ile sehemu ya katikati iliyoinuka), tundu tano za nati na tundu la katikati, ndo uanze kufungua gari.

Kazi nilifanya asubuhi mapema Jumamosi, kabla jua halijawa kali na kabla upepo haujaanza, maana huku kwetu upepo ukianza mchana unapeleka mchanga mpaka kwenye chai. Ua wangu ni udongo wa kichanga, kwahiyo chini ya jeki niliweka kipande cha ubao kipana na kinene, jeki ikikaa juu ya mchanga mtupu inazama upande mmoja. Mawe nyuma ya magurudumu ya nyuma, handbreki juu, gia kwenye P, nati nikazilegeza kwa soketi ya 21 gari likiwa bado chini, afu nikainua na kuliweka kwenye stendi. Jeki ya gari peke yake sio ya kuingiza mikono. Na tairi uliyolitoa lisukume chini ya ubavu wa gari, siku stendi ikiteleza tairi ndo itapokea uzito badala yako. Kijana wangu wa form two alikuwa ananipa vifaa, nikamwekea sheria moja tu, hakuna kuingiza kichwa chini.

Kalipa imeshikwa na bolti mbili za spana 14, ukizitoa inavutika, na breketi nyuma yake, chuma kinachoibeba, imeshikwa na bolti mbili za 17 ambazo zimekaza kweli kweli, hapo niliingiza bomba kwenye mpini wa spana kupata urefu. Geuza stelingi upande ili upate nafasi ya kufanya kazi. Kalipa usiiache ining'inie kwenye mpira wake wa mafuta, mpira unaumia ndani bila wewe kuona, ifunge kwa waya kwenye springi. Vumbi jeusi lililojaa pale usilipulize kwa mdomo wala kwa kompresa, sio vumbi la kuvuta. Lilowanishe, futa na kitambaa, tupa kitambaa.

Hapa sasa nilikutana na kitu ambacho kilinieleza kila kitu. Upande wa kushoto pedi ya nje ilikuwa bado nene, ya ndani imekwisha karibu kufika chuma. Pedi za gurudumu moja zinatakiwa ziishe kwa kulingana, zikitofautiana hivyo maana yake kalipa haitelezi. Nikavuta pini zake mbili, ya juu ikatoka na vidole, ya chini ikagoma, nikaizungusha na spana taratibu huku naivuta mpaka ikatoka, imejaa grisi iliyokauka ikageuka utope wa kahawia na vumbi letu la Dodoma ndani yake, na ile raba yake ya kuzuia uchafu ilikuwa imechanika upande wa chini ambao huwezi kuuona mpaka utoe pini. Yani miezi yote hiyo pedi ya ndani ilikuwa inasugua diski hata nisipokanyaga breki, ndo joto, ndo harufu. Ningebadilisha diski peke yake bila kuvuta zile pini, diski mpya nazo zingeungua hivyohivyo. Nikasafisha tundu, nikaweka raba mpya na grisi ya silikoni ya breki. Grisi ya kawaida ya beringi usiweke hapo, inavimbisha raba na pini inagoma tena.

Diski ya zamani ilikuwa imeshikana na habu kwa kutu. Kabla hujaanza kuitwanga na nyundo, angalia pale kwenye kofia, Toyota nyingi zina tundu mbili ndogo zenye nyuzi, unaingiza bolti mbili za 8 mm unazikaza kwa zamu, hii kidogo ile kidogo, diski inasukumwa yenyewe mpaka inaachia kwa mlio mmoja. Ilivyoachia nikaona habu yenyewe, magamba ya kutu yamejipanga kuzunguka zile stadi tano zinazofungwa nati za tairi, mengine yamebanwa na kung'aa kwa kukandamizwa na diski. Hapo nilikaa muda mrefu kuliko sehemu nyingine yoyote. Brashi ya waya kwanza, afu msasa, na kuzunguka kila stadi nilitumia kipande cha msasa nimekizungushia kijiti maana brashi haifiki pale. Nikawa napitisha kidole, nikihisi kakitu narudia. Mwisho uso ukawa chuma kitupu, kijivu, hauna mwinuko. Kijana nae nikamwambia apitishe kidole, akapata sehemu moja niliyoiruka karibu na stadi ya chini, tukairudia.

Diski mpya zinakuja zimepakwa mafuta ya kuzuia kutu. Yatoe yote kwa brek klina, dawa ya kusafishia breki, pande zote mbili na kitambaa safi, kama huna osha na maji ya moto na sabuni ya vyombo ukaushe palepale. Petroli wengi wanatumia, mimi siipendi, ni hatari ya moto. Ukishasafisha usishike uso wa diski na mikono yenye grisi. Nikaipachika, nikaibana kwa nati mbili kwa muda ili ilale sawa wakati nafunga breketi.

Kurudisha pistoni ndani nilitumia klampu ya fundi seremala na pedi ya zamani kama kinga, taratibu, huku kifuniko cha kopo la mafuta ya breki kimefunguliwa na kijana anaangalia yasifurike, maana yale mafuta yakimwagikia rangi ya gari yanaibabua. Kama hukufungua mpira wala nati ya kutolea upepo, hakuna haja ya kutoa upepo kwenye mafuta ya breki. Mengine ni kurudisha ulivyotoa, bolti za breketi ukaze kweli kweli, za kalipa kwa wastani, ukiwa na toki renchi, ile spana yenye kipimo cha kukaza, fuata namba za kitabu cha gari yako. Nati za matairi RAV4 hii ni 103 Nm, kaza kwa mtindo wa nyota, gari likiwa limegusa chini. Kukaza nati kwa kurukia spana au kwa mashine ya upepo bila kipimo kunaweza kuivuta diski ikakaa vibaya, na hapo kazi yote ya kusafisha habu unaiharibu dakika za mwisho.

Na hili naomba sana usilisahau, kabla hujawasha gari na kusogea pampu pedeli mpaka iwe ngumu. Pistoni umezirudisha nyuma, mkanyago wa kwanza pedeli inaenda mpaka chini na gari halisimami. Pampu, angalia mafuta yasiwe chini ya MIN, funga kifuniko, ndo utoke.

Kesho yake alfajiri nikaenda nayo barabara ya mzunguko wa nje, kipande kilichonyooka hakuna watu wala magari, nikazizoesha diski na pedi mpya. Unapanda mpaka kama kilomita 60 kwa saa, unakanyaga kwa nguvu ya wastani mpaka kama 15, unaachia bila kusimama kabisa, unarudia mara kama kumi ukiacha nafasi ya kupoa, afu unaendesha tu dakika kadhaa bila kugusa breki. Usisimame ukashikilia pedeli zikiwa za moto, pedi itaacha alama yake pale ilipobana. Ule uso unaanza kupata rangi moja ya kijivu mviringo mzima, ikiwa na mabaka ujue hazijazoea bado.

Tumeshaenda Iringa tena na kurudi. Nyang'oro nimeishuka kwa gia ya chini, breki naigusa kwenye kona tu, stelingi imetulia, na tulivyosimama Mtera kununua samaki nikasogeza kiganja karibu na rimu za mbele pande zote mbili, joto linalingana kushoto na kulia, hiyo ndo dalili kwamba zile pini zinateleza. Nati nilizikagua tena baada ya kama kilomita mia. Za nyuma nimezipima, unene bado upo ila pini za kulia zimeanza kuwa nzito, hizo nitazitoa na kuzipaka grisi kabla mvua hazijaanza.