Nitawafukuza Kidogo Kidogo

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Neno la juma hili ni Kutoka 23:29-30. Israeli wako Sinai, Kanaani bado iko mbele, na Mungu anawaambia kwamba hatawafukuza wenyeji wa nchi ile katika mwaka mmoja. Atawafukuza "kidogo kidogo", hata Israeli waongezeke na kuirithi nchi. Sababu anaitoa mwenyewe: nchi ikibaki ukiwa, wanyama wa mwitu wataongezeka na kuwasumbua.

Tukae hapo kidogo. Aliyeipasua Bahari ya Shamu hakupungukiwa nguvu za kumaliza kazi kwa siku moja. Mwendo ulipimwa kwa watu wenyewe, yaani eneo wanaloweza kulikalia, kulilima na kulilinda. Mwenye kiwanja Chanika ambacho hajakijenga anaelewa: unafyeka, masika yanapita, unarudi unakuta kichaka. Bwana Yesu naye, katika Mathayo 12:43-45, anasema juu ya nyumba iliyofagiwa na kupambwa lakini tupu, na pepo aliyetoka akarudi na wengine saba.

Basi kila unapotaka kuacha jambo, jiulize pia utaweka nini mahali pake, na kiasi gani.

Chukua simu. Mtu ameshuka kwenye daladala saa mbili usiku, amekula, ameoga, amechomekea chandarua, na simu inammulika usoni mpaka saa sita. Akiapa kwamba kuanzia kesho haishiki tena usiku, amefyeka saa nzima na hana cha kupanda. Siku ya nne amerudi kule kule. Aanze na dakika 10 za mwisho tu. Asubuhi akitandika kitanda, aiweke Biblia juu ya mto, ili usiku asiweze kulala bila kuishika. Simu ichajiwe mbali na mkono, sebuleni au juu ya kabati. Hapa Biblia ya karatasi inafaa zaidi kuliko ya kwenye simu, maana ujumbe mmoja ukiingia, dakika zile zimekwenda. Dakika 10 zikishakuwa mazoea, usiku usioona shida tena, ndipo uongeze 5. Usiongeze kwa sababu Jumapili ulihubiriwa ukawaka moto.

Kiasi nacho kina hesabu yake. Agano Jipya lina sura 260. Sura moja kila siku, Jumatatu hadi Ijumaa, kwa majuma 52, unalimaliza, na Jumamosi na Jumapili hujazigusa. Biblia nzima ni sura 1,189, zaidi ya tatu kwa siku. Wengi huiapia kila Januari, wakaenda vizuri katika Mwanzo, wakakwama kwenye vipimo vya hema, Kutoka 25 na kuendelea. Na kinachowaangusha mara nyingi ni deni kuliko uvivu. Ukikosa Jumanne kwa sababu ya foleni au mgonjwa wa kumwona Muhimbili, Jumatano soma ya Jumatano. Iliyorukwa ingoje Jumamosi. Anayelimbikiza hufika Ijumaa na sura nne mgongoni, akiiogopa Biblia yake mwenyewe.

Kwa ulimi ni vivyo hivyo. Chagua nusu saa ya kwanza baada ya kufika nyumbani, na mahali pa lawama weka swali moja kwa mwenzio: siku imekwendaje? Kisha msikilize mpaka amalize.

Hatari nyingine huwapata walioanza vizuri. Waamuzi 1:28 inasema Israeli walipopata nguvu waliwatumikisha Wakanaani, wala hawakuwafukuza kabisa. Sasa uwezo walikuwa nao, ila waliona mabaki yana faida. Ndivyo mtu anavyoacha pombe nyumbani akabakiza ya harusini, au anavyoacha uongo wote isipokuwa ule wa kumtuliza mdai. Kipande hicho kilichobaki ndicho cha kukiombea juma hili, kwa jina lake.

Kwa usomaji tutatumia Zaburi 119. Ina aya 176, zimegawanyika mafungu 22 ya aya 8. Fungu moja kila siku, kwa sauti, kabla ya kulala. Tukianza kesho Jumatatu, tutamaliza Jumatatu ya nne.